Pikipiki inawaka kwa kusukumwa tu: je, silinda imekwisha?

“Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda hapa Ifakara kwa mkataba. Pikipiki ni ya Kichina, cc 125, injini yake ni ile ya vijiti, na huu ni mwaka wake wa tatu barabarani. Tangu mwezi uliopita haiwaki asubuhi. Napiga kiki hadi mguu unakufa ganzi, na stata inazungusha tu mpaka betri inalegea. Wenzangu wawili wa kijiweni wakinisukuma inawaka papo hapo, na ikishapata moto inawaka kwa kiki mbili tatu siku nzima, ila nikiachia resi inataka kuzima. Haitoi moshi. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisema ni CDI, kile kiboksi cha umeme wa plagi, nikanunua. Kisha akaiosha kabureta. Plagi ikitolewa asubuhi inakuwa imelowa petroli, na moto ukipimwa unaonekana. Sasa anasema kompresheni imekwisha, silinda ichongwe na pistoni ibadilishwe, nimpe laki mbili. Tajiri, mwenye pikipiki, anasema hesabu yake ya kila siku iko palepale. Je, fundi anasema kweli? Na hii ya kusukuma kila asubuhi inaiua injini?”

Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kueleza dalili kabla ya kutaja vipuri, maana wengi huniandikia orodha ya vitu walivyonunua na kusahau kusema pikipiki yenyewe inafanya nini. Ninavyoielewa, hofu yako ina pande mbili. Umeshatoa fedha mara mbili bila kuona nafuu na unaogopa kutoa ya tatu, ambayo ni kubwa kuliko zote. Na wakati huohuo unaogopa kwamba ukikataa, injini itafia mikononi mwako ilhali mkataba haujaisha. Jibu langu la awali ni kwamba huenda fundi wako amepata nusu ya ukweli. Dalili ulizoandika zinaelekea kweli kwenye kompresheni, yaani pumzi ya injini, ile nguvu yake ya kubana hewa na petroli. Lakini kupungua kwa kompresheni si lazima kuwe ni kuisha kwa silinda, kwa sababu pumzi ya injini ina milango mingine ya kutokea, na mmojawapo hufungwa kwa kurekebisha tapeti, zile skrubu za kupimia nafasi ya valvu (vifuniko vya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi), kazi ya nusu saa ambayo haihitaji hata hedi, kichwa cha injini, kuvuliwa. Mlango huo ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Kabla ya kuufikia, niseme kidogo kuhusu plagi iliyolowa na moto “unaoonekana”, kwa kuwa mambo hayo mawili ndiyo yaliyokupeleka kununua CDI.

Plagi iliyolowa baada ya kiki ishirini haithibitishi kwamba kabureta inamwaga mafuta. Kila unapokanyaga kiki, injini huvuta hewa na petroli. Kama mchanganyiko huo hauungui, petroli hubaki ndani, hujikusanya kwenye plagi, na kila kiki inayofuata huongeza nyingine juu yake. Kwa hiyo kulowa kwa plagi ni matokeo ya injini kutowaka, ingawa baada ya muda matokeo hayo nayo hugeuka kuwa kizuizi kipya, kwa kuwa plagi iliyoloa hukosa nguvu ya kuruka cheche. Jambo moja la maana tunalolipata hapo ni kwamba mafuta yanafika. Tangi halijaziba, koki inapitisha, na jeti haijafungwa kabisa.

Kuhusu moto, cheche unayoiona plagi ikiwa nje imeegeshwa kwenye chuma cha injini haiko katika mazingira inayofanyia kazi. Nje hewa ni nyepesi na cheche huruka kwa urahisi. Ndani ya silinda hewa imebanwa mara tisa hivi katika injini ya aina yako, na hewa iliyobanwa huhitaji volti nyingi zaidi ili cheche ivuke pengo lilelile. Ndiyo maana koili iliyochoka inaweza kutoa cheche nyekundu na nyembamba inayoonekana kabisa machoni, kisha ikashindwa plagi inaporudishwa mahali pake. Cheche ya kuridhisha ni ya buluu, nene kidogo, yenye mlio wa kupasuka unaosikika. Asubuhi moja itazame hivyo: plagi mpya kavu, pengo lake kati ya milimita 0.6 na 0.7, chuma cha plagi kikiwa kimegusa hedi barabara, na mwenzako ndiye apige kiki. Usiishike plagi kwa mkono mtupu, na usiiegeshe karibu na tundu lake, kwa kuwa tundu hilo hutema mvuke wa petroli kila pistoni inapopanda, na cheche iliyo sentimita chache kutoka hapo inaweza kuwasha moto usoni mwako. Fanyeni kazi hiyo nje, mbali na sigara na mbali na kidumu cha mafuta.

Ikiwa cheche ni ya buluu na ina mlio, basi acha kabisa habari ya umeme. CDI yako ya zamani, kama bado unayo, itunze. Inawezekana haikuwa na kosa.

Sasa tuje kwenye swali ambalo ndilo ufunguo wa barua yako: kwa nini injini inayokataa kiki inakubali kusukumwa?

Chukua pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake imechakaa. Ukiisukuma polepole, hewa yote hupita pembeni na tairi halijai. Ukiisukuma kwa haraka na kwa nguvu, tairi hujaa kidogo kidogo, kwa sababu hewa haikupata muda wa kutoroka yote. Tundu ni lilelile. Kilichobadilika ni muda. Injini nayo ni hivyo. Ikinguruma yenyewe kwa mizunguko 1,400 kwa dakika, pistoni hupanda kugandamiza mchanganyiko kwa muda wa sekunde 0.02 tu. Ukiizungusha kwa kiki au kwa stata iliyolegea, tuseme kwa mizunguko 400, mpando huohuo huchukua takriban sekunde 0.075, yaani mara tatu na nusu hivi, na kwa muda wote huo pumzi inavuja. Mchanganyiko uliovuja haubanwi vya kutosha, hivyo haupati joto ambalo hewa hulipata inapobanwa, na petroli ya baridi ya alfajiri hubaki matone badala ya kuwa mvuke. Cheche inakuja, inakuta matone na hewa iliyolegea, inazima. Wenzako wakikusukuma, injini huzungushwa kwa kasi na bila kukatika, mpando unakuwa wa haraka, uvujaji unakosa muda, na moto unashika.

Hili linaeleza pia kwa nini mchana huna shida. Injini yenye joto hugeuza petroli kuwa mvuke yenyewe, kwa hiyo hata kompresheni hafifu inatosha kuwashia. Na kule kutaka kuzima unapoachia resi ni ndugu wa dalili hiyohiyo, kwa sababu mizunguko inapopungua ndipo uvujaji unapopata nafasi.

Ili nisikupotoshe, kuna maelezo mengine yanayofanana na haya. Pikipiki nyingi ndogo hupata umeme wa CDI kutoka kwenye koili iliyo ndani ya magneti badala ya betri, na koili hiyo ikidhoofika hutoa volti chache injini inapozungushwa taratibu, nyingi inaposukumwa. Ndiyo maana nilitangulia kukuambia uitazame cheche kwa kiki ya kawaida, hasa asubuhi injini ikiwa baridi, na si baada ya pikipiki kuwa imeshawaka. Cheche hafifu kwa kiki inakupeleka kwa fundi umeme mwenye mita ya kupimia koili. Cheche nzuri kwa kiki inakurudisha kwenye pumzi.

Pumzi hutoka wapi? Inaweza kupita kando ya pistoni ringi zake, zile pete zinazoizunguka, zikiisha au silinda ikipanuka; huo ndio ugonjwa anaoutaja fundi wako. Inaweza kupita kwenye gasketi ya hedi au kwenye nyuzi za plagi isiyokazwa, jambo ambalo kwa kawaida huacha alama nyeusi ya oili na masizi mahali inapopulizia. Na inaweza kupita kwenye valvu. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Injini yako ya vijiti ni ya ukoo wa Honda CG125, iliyotoka Japani katika miaka ya 1970 na ambayo viwanda vingi vya China vimeiiga hadi leo. Ndani yake kamu iko chini, nayo husukuma vijiti viwili virefu, vijiti husukuma mikono iliyo juu ya hedi, na mikono hiyo ndiyo huzikanyaga valvu. Kati ya ncha ya mkono na kichwa cha valvu pana nafasi ndogo mno, ambayo katika ukoo huo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili injini ikiwa baridi. Ni unene wa karatasi moja ya daftari, au chini yake. Nafasi hiyo ndiyo inayoihakikishia valvu kwamba, wakati wa kufunga, hakuna kitu kinachoikanyaga na inaweza kukaa chini kabisa kwenye kiti chake.

Kadiri siku zinavyokwenda, valvu inajipigapiga kwenye kiti na kuzama kidogo kidogo. Ikizama, shina lake hupanda juu na kuila ile nafasi, kutoka 0.08 hadi 0.04, hadi sifuri. Ikishapita sifuri, mkono unakuwa umeikanyaga valvu muda wote na valvu haifungi sawasawa. Ubaya wake ni kwamba ugonjwa huu hauna kelele. Tapeti iliyolegea hugonga, kila mtu akaisikia. Tapeti iliyobana hunyamaza, na mwenye pikipiki akafurahi kwamba injini yake imetulia kama ya mzungu.

Hapo ndipo ninapokuuliza swali ambalo barua yako haikuligusa. Je, mwezi mmoja au miwili kabla ya shida kuanza, kuna mtu aliyekaza tapeti kwa sababu injini ilikuwa “inapiga kelele juu”? Mafundi wengi wa vijiweni hurekebisha tapeti kwa sikio, yaani hukaza hadi kelele ziishe, tena mara nyingine injini ikiwa ya moto. Injini ya ukoo huu inatakiwa itoe mlio mwepesi wa tik-tik juu. Ikinyamaza kabisa, mimi huwa napata wasiwasi.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Katika miaka yangu ya mwanzo nililetewa pikipiki na mwalimu wa shule ya msingi, mtu mtaratibu sana, ambaye kila jioni alikuwa akiiegesha juu ya mteremko ili asubuhi aishushe ikiwa kwenye gia. Nikasema silinda imekwisha. Nikaichonga, nikaweka pistoni kubwa zaidi na ringi mpya, nikarudisha hedi ileile bila kuzigusa valvu, na mwisho nikakaza tapeti mpaka nikasikia kimya. Baada ya wiki moja nikampita njiani: pikipiki iko mlimani palepale, naye anaisubiri ishuke. Nilimrudishia fedha zake za ufundi, lakini silinda iliyokwisha kuchongwa hairudishwi.

Basi fanya hivi asubuhi, kabla pikipiki haijawashwa wala kusukumwa. Swichi ikiwa imezimwa na gia iko huru, kandamiza kiki kwa mkono, usitumie mguu. Injini yenye pumzi itakugomea mahali fulani: kiki itasimama, na ukiendelea kuiegemea itazama polepole kama mtu anayekaa kwenye godoro. Injini inayovuja itapita tu, kama kijiko kwenye uji. Irudie mara kadhaa ili mkono wako uizoee.

Kisha toa plagi, mimina oili ya injini kijiko kimoja cha chai kwenye tundu lake, usizidishe, kwa maana oili haibaniki na nyingi ikijaa juu ya pistoni inaweza kuvunja kitu. Zungusha injini mara chache plagi ikiwa nje ili oili ienee, ukijiweka pembeni isikurukie. Rudisha plagi, kandamiza kiki tena kwa mkono. Oili iliyoshuka huziba mwanya ulio kati ya ringi na ukuta wa silinda, lakini haiwezi kupanda kuziba valvu. Kwa hiyo kiki ikiwa nzito ghafla kuliko mwanzo, ringi na silinda ndizo zinazovuja na fundi wako yuko sahihi. Kiki ikibaki nyepesi vilevile, uvujaji uko juu, kwenye valvu au gasketi, na kuchonga silinda hakutakusaidia chochote. Kama fundi ana geji ya kompresheni, kipimo kilekile kifanyike kwa geji, kabla na baada ya oili, resi ikiwa imefunguliwa yote; namba mbili hizo zina thamani kuliko maneno ya mafundi watatu.

Baada ya hapo ndipo zipimwe tapeti. Kazi hii mwombe fundi mwenye fila, vile vibati vyembamba vilivyoandikwa unene wake. Asiye nayo asiiguse. Nitaieleza ili uweze kusimama pembeni ukajua kinachofanyika. Injini iwe imelala usiku mzima. Plagi hutolewa ili injini izunguke kwa wepesi, na kava la juu ya hedi hufunguliwa. Injini inazungushwa taratibu katika mwelekeo wake huku mkono wa valvu ya kuingizia ukitazamwa: utashuka, kisha utapanda. Ukishapanda, alama ya T ya kwenye magneti itakayofuata ndiyo ya pistoni kuwa juu kwenye mpando wa kugandamiza. Hapo ndipo pa kupimia, wala si kwenye T nyingine yoyote, kwa sababu pistoni hufika juu mara mbili katika kila duru ya kazi, na mara ya pili valvu huwa zimefunguka kidogo. Nimeona wenye fila nzuri wakipima kwenye T isiyo yake na kuharibu kazi yote. Pale pahali sahihi mikono yote miwili inatakiwa icheze kidogo ukiitikisa kwa vidole. Mmoja usipocheza hata chembe, umempata mwizi. Kibati cha 0.08 kinatakiwa kipite kwa kukwaruza kidogo. Nati inakazwa, kisha kinapimwa tena, maana kukaza nati mara nyingi huisogeza skrubu.

Ikiwa tapeti zilikuwa zimebana na sasa zimewekwa sawa, na kiki imerudi kuwa nzito, piga kiki. Mara nyingi injini huwaka hapohapo na mwenyewe hucheka kwa hasira.

Lakini usiishie kwenye furaha hiyo. Valvu ya kutolea moshi hufanya kazi katika joto la nyuzi 700 hivi, na njia yake kubwa ya kupoa ni kukaa kwenye kiti cha hedi na kukiachia joto lake kila inapofunga. Iliyokanyagwa kwa wiki kadhaa haikai, haipoi, na kingo zake huanza kuungua. Kwa hiyo pima tena baada ya wiki moja. Kipimo kikiwa palepale, umepona. Nafasi ikiwa imefungwa tena, au kiki ikiwa bado nyepesi licha ya tapeti kuwa sawa, valvu au kiti chake vimekwisha kuharibika, na hapo hedi lazima ivuliwe, valvu zisagwe kwenye viti vyake kwa dawa ya kusagia, na iliyoungua ibadilishwe pamoja na sili zake na gasketi. Kazi hiyo ina gharama, ila ni ya hedi peke yake, na silinda hukaguliwa bure kwa kuwa tayari iko wazi mbele yako.

Na ikiwa oili imeonyesha kwamba silinda ndiyo mgonjwa? Basi itengenezwe bila kinyongo, ingawa nakiri kwamba pikipiki isiyotoa moshi wa bluu na isiyopunguza oili hunifanya nisite. Muulize fundi: ukuta wa silinda una mikwaruzo inayoshika ukucha? Ringi ikiingizwa peke yake ndani ya silinda, mwanya wa ncha zake ni kiasi gani? Kama inachongwa, nani ataichonga na kwa pistoni ya saizi gani, iliyozidi milimita 0.25 au 0.50? Pistoni inunuliwe kwanza, ndipo silinda ichongwe kufuata pistoni, na si kinyume chake. Wengi siku hizi hununua silinda nzima mpya na pistoni yake. Ni njia ya haraka, na kwa mtu wa hesabu ya kila siku haraka ni fedha. Ila ubora wa chuma kinachouzwa hutofautiana mno, na nimeona silinda ya asili iliyochongwa vizuri ikidumu kuliko mpya ya bei poa. Vyovyote utakavyochagua, valvu zisagwe safari hiyohiyo, na ukabidhiwe vipuri vya zamani mkononi.

Kuhusu mafuta nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kwako hayaelekei kuwa chanzo. Kama unanunua petroli ya chupa njiani, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha doa, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la ukungu. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi, hivyo nayo huleta ugumu wa asubuhi. Mafuta yanayouzwa vituoni nchini huwekewa vinasaba tangu mwaka 2010 kwa ajili ya kudhibiti uchakachuaji huo, lakini ya chupa hayajulikani yamepitia wapi. Fungua pia skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na uyakinge mafuta kwenye chupa angavu; maji, ambayo masika huingia kupitia kifuniko cha tangi, yatakaa chini yakiwa kama shanga. Tukiwa hapohapo kwenye kifuniko, kina kitundu cha kupumulia ambacho nyigu wa udongo hukipenda kuliko nyumba yake. Kikizibwa, pikipiki huenda kilomita kadhaa kisha huzima kwa njaa huku tangi limejaa. Si ugonjwa wako, ila hapo Ifakara siku moja utakutana nao.

Swali lako la mwisho lilikuwa juu ya kusukuma. Kusukuma kwenyewe hakuui injini. Kinachodhuru ni petroli isiyoungua ya zile kiki thelathini zinazotangulia, ambayo huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kama kinanuka petroli, au oili imekuwa nyepesi kama maji ya uji, ibadilishe kabla ya kazi, maana ukiiacha ndipo silinda itakapokwisha kweli. Mpaka utakapopata fundi, piga kiki tano tu. Zikikataa, ondoa choki isitumike, fungua resi yote, swichi ikiwa imezimwa piga kiki nyingine sita saba ili kutoa petroli iliyojaa, kausha plagi, kisha sukumeni. Tumia gia ya pili au ya tatu, kwa kuwa gia ya kwanza huburuta tairi la nyuma hasa kwenye udongo. Achia klachi pale mwendo unapokuwa wa kukimbia, ukaikamate tena mara injini inapokohoa. Msisukumie barabara kuu yenye magari ya mpunga alfajiri. Mtu anayeinama nyuma ya pikipiki isiyo na taa haonekani.

Usijaribu mwenyewe, mpelekee fundi ana kwa ana, ukisikia chuma kikigonga chini ya injini na si juu, kiki ikigoma kabisa na kushindwa kuzunguka, au ukiona kabureta inapuliza kurudi nyuma kwa mlipuko unapopiga kiki. Hayo si ya tapeti pekee. Chagua fundi mwenye fila na geji ya kompresheni. Kama ana hewa ya kujazia tairi na bomba la kuunganisha kwenye tundu la plagi, ni bora zaidi, kwa sababu pistoni ikiwa juu kwenye ile T sahihi na hewa ikaingizwa, mtasikiliza wote inapotokea. Ikivuma kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea. Kwenye kabureta, ya kuingizia. Kwenye tundu la kumwagia oili, ni ringi. Huhitaji kuwa fundi ili kusikia hilo.

Kuhusu tajiri wako, soma mkataba unasema nani hulipia injini. Katika mikataba mingi niliyoiona, matengenezo madogo ni ya dereva na injini hujadiliwa. Mwite awepo siku ya kipimo cha oili, aikandamize kiki kwa mkono wake mwenyewe kabla na baada. Anayelipa akishahisi uzito huo kiganjani, mazungumzo ya laki mbili huwa mafupi. Nami nikipata kwako majibu mawili, yaani kiki ilikuwaje baada ya oili, na ni tapeti ipi iliyokuwa haichezi, nitaweza kukuambia kama hedi ivuliwe au iachwe.